Tangi la Tukutuku na Mkwe Nisiyemwona

Wajukuu wangu hucheka. Wanasema, Bibi, unatupiga fiksi, mtu anaishije kaya moja na baba mkwe wake miaka na miaka asimjue sura? Huwajibu kwamba wao wamezaliwa jana, wanakula sinia moja na wakwe zao na kuwanyang'anya vipapatio vya kuku, watajuaje mambo ya heshima. Sisi tulikuwa na mwiko. Mke hamwoni baba wa mumewe, wala yeye hamwoni mkamwana wake. Ukimsikia njiani unaingia kwenye migomba na kujifunika nguo kichwani mpaka nyayo zake zipotee. Humsemeshi, hutaji jina lake. Akikohoa tu, wewe umeshachuchumaa.

Mimi nilizaliwa ufukweni kwa wafinyanzi, pale milima inapoingia ziwani bila kuacha hata nafasi ya kulima viazi. Kwetu mwiko huo ulikuwapo, ila ulikuwa mlegevu kidogo. Nilipoolewa Bujonde, kwenye tambarare ya mpunga, nikakuta wenzangu hawana mchezo. Siku ileile ya kwanza mama mkwe alinionyesha njia zangu. Hii ya mtoni ni yako, ile ya kwenye kibanda cha uhunzi ni ya baba, na pale kwenye kisiki cha mti, karibu na ua wa mianzi, ndipo vitu vya kupeana vinapowekwa. Wewe unaweka, unaondoka, mimi nakwenda kumwambia, ndipo yeye anakuja kuchukua. Nikasema ndaga, mama, maana ndiyo asante ya huku. Moyoni nikasema nimekwisha.

Kutomwona hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni sauti. Mume wangu na baba yake walikuwa na sauti moja, kikohozi kimoja, na namna moja ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo. Mara nyingi nilikuwa nafinyanga uani, nikamsikia mume wangu anaongea nyuma ya mianzi, nikaita, wewe, njoo unibebee udongo huu. Kumbe ni baba mkwe. Upande wa pili hakuna hata anayepumua. Baadaye mama mkwe angepita ameuma midomo asicheke, na mimi ningetamani ardhi ipasuke. Mume wangu yeye hakuuma midomo. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona ya mzaha tu.

"Ukitaka kujua baba yangu anafananaje," alisema, "ngoja nizeeke."

Kisha ikaja vita ya Wadachi na Waingereza. Waingereza walikuwa ng'ambo ya mto Songwe, Wadachi upande wetu, na sisi katikati na mpunga wetu. Wadachi walitaka wapagazi. Askari wao walipita Njisi, wakapita Ngana, wakafika kwetu, wakizoa wanaume mashambani. Mume wangu walimkuta anavukuta moto wa baba yake. Mimi nilikuwa nimelala chini na mimba changa, natapika hata maji, na nilipotoka nje nilikuta mivukuto bado inashusha pumzi na mwenyewe hayupo. Walimfunga kamba moja na wenzake katika kambi iliyokuwa kwenye njia ya kupanda milimani, wakingoja msafara. Tulijua habari za misafara ile. Waliokwenda mwanzo wa vita hakuna aliyekuwa amerudi.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Siku moja akarudi na kitu kichwani ambacho sikuwahi kukiona. Kilikuwa sanduku bapa la bati, refu kama mkono, limechongoka upande mmoja, na juu lina mdomo mdogo wenye kifuniko cha shaba cha kuzungusha. Lilikuwa tangi la mafuta la ile mnayoiita siku hizi pikipiki. Sisi tuliita tukutuku, na kambi ile ilikuwa nayo moja tu, ya kupelekea barua bomani. Mdachi aliyeiendesha alitumbukia nayo mto Kiwira wakati wa mafuriko, akafa. Maji yalipopungua wakaiopoa. Magurudumu yalifaa na mtambo wake walisema unafaa, lakini tangi la mafuta lilikuwa limegonga jiwe na kubonyea kiasi cha kulaza kichwa cha mtoto mchanga, na kutu imelila mpaka limetoboka chini. Meli za kuleta jingine hazikuwapo tena. Fundi wao alikuwa amekufa kwa homa.

Mume wangu, akiwa kwenye kamba, alisikia sajini wao anafoka juu ya tangi hilo, akajitokeza. Akasema baba yangu ni mhunzi, atalitengeneza. Sajini akamtazama, akasema haya, likija zima lisilovuja kabla msafara haujaondoka, wewe utabaki. Msafara ungeondoka mwezi ukiandama. Mama mkwe alieleza yote hayo amesimama, tangi bado liko kichwani, kisha akatoa ujumbe aliopewa na mwanawe.

"Nje mpeni baba. Ndani mpeni mke wangu, yeye ndiye anayejua tumbo la chungu."

Basi ndivyo kazi ilivyoanza, kazi ya watu wawili wasioonana. Mama mkwe aliimwagia ile bati majivu kwanza, maana ilikuwa mali ya maiti na yeye hakutaka mgeni huyo nyumbani. Kisha ikaja kwangu. Nilinusa ndani, nikatapika. Harufu ya mafuta yale, na matope ya mto, na kitu kingine ambacho sitakisema. Nikaziba matundu kwa vijiti na udongo, nikajaza pombe ya ndizi iliyochacha mpaka inakata pua, nikaiacha inywe kutu. Baadaye nikatia kokoto za ziwani, zile ndogo za kwetu ambazo wafinyanzi tunasugulia vyungu, nikalitikisa. Nilitikisa mpaka mabega yakawa si yangu. Maji yalitoka mekundu, tena mekundu, kisha kahawia, kisha siku moja yakatoka meupe.

Kuhusu pale palipobonyea tuligombana, mimi na baba mkwe. Ndiyo, unaweza kugombana na mtu usiyemwona, almradi una mama mkwe mwenye miguu. Yeye alisema apashe moto na kuvuta kwa ndoano. Nikasema mwambie baba bati hii imeliwa na kutu, itachanika kama jani. Akasema mwambie binti huyo kwamba mimi nilikuwa nafua chuma kabla mama yake hajaolewa. Nikasema mwambie nasikia, lakini mama yangu aliwahi kusahau maharage makavu kwenye mtungi wa shingo nyembamba, mvua ikanyesha ndani, na asubuhi tuliukuta mtungi umepasuka. Maharage yakivimba hayana heshima kwa mtu. Mama mkwe alikwenda, akakawia, akarudi. Akasema baba ameguna, kisha amesema ujaribu.

Nikatia maharage makavu kupitia ule mdomo mdogo, nikayashindilia na mchanga ili yasitawanyike, nikamimina maji, nikafunga kifuniko. Kisha nikakaa nalo mapajani. Niliogopa. Nikizidisha, lingepasuka kwenye maungio, na mume wangu angekwenda. Nikipunguza, lingebaki na kovu lake, na angekwenda vilevile. Jua lilipoanza kuinama bati ikaanza kulia ndani kwa ndani, ikinong'ona, kisha ikatoa mlio mmoja mkubwa na ule ubonyeo ukaruka nje. Nyuma ya mianzi mtu alisafisha koo. Alisafisha vile mume wangu alivyokuwa akisafisha akiridhika na chakula changu. Nililia pale pale, nimekumbatia bati.

Tangi likaenda kwake. Akanyoosha mikunjo iliyobaki kwa nyundo ya mti. Ili kuziba matundu alihitaji shaba, na shaba pekee katika kaya yetu ilikuwa pete zangu za kiunoni, zile kubwa anazovishwa bibi harusi wa huku. Nilizivua mwenyewe, hakuna aliyeniomba, nikaziweka kwenye kisiki. Nusu zilirudi. Mama mkwe akasema baba anasema zilizobaki uzivae siku mwenzako akirudi, asikukute kiuno kitupu. Huyo ndiye mkwe niliyekuwa nikijificha migombani nisimwone.

Hatua ya mwisho ilikuwa yangu. Kutoa maharage yaliyobaki yamebanwa kwenye kona kwa kijiti kilichopasuliwa ncha, kuosha, kisha kujaribu kama linavuja. Asubuhi hiyo zikaja habari kwamba kaka wa mama mkwe amefariki huko Ngana. Huku kwetu msiba ni msiba. Mwanamke haendi kulilia kaka yake akarudi mchana kupika. Alijifunga kitambaa akaenda, na majirani wote wakaenda naye, mpaka watoto. Tulibaki mimi na baba mkwe, kila mtu upande wake wa mianzi, kwa sababu ya tangi.

Nililijaza maji, nikalipaka udongo mweupe nje kama tunavyojaribu mitungi, maana ukivuja hata jasho udongo unabadilika rangi. Nikakaa nalitazama. Udongo ukakauka mweupe pe, kote. Nilisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Nikalibeba, nikaliweka kwenye kisiki, nikalifunika jani la mgomba, nikarudi ndani kwangu kama desturi.

Hakuja. Kwa nini aje? Hakuna aliyemwambia. Yeye alijua mama mkwe ndiye atakayesema limekwisha, na kabla ya hapo kusogea kwenye kisiki ni kunivizia. Nilimsikia anafua majembe, ko, ko, ko, anangoja. Nikakohoa. Nikaangusha mwiko, nikaangusha kinu. Mwisho nikachukua chungu changu kizuri, kilichoiva vizuri kuliko vyote, nikakibamiza kwenye kisiki. Nyundo ikanyamaza. Nikasema moyoni, sasa amesikia. Nikasikia nyayo zake zinakwenda mbali. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba aliposikia chungu kinavunjika alidhani nimezidiwa na uchungu wa mume wangu, akaondoka mpaka shambani ili nilie bila kusikiwa. Heshima, jamani.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kumwita. Wajukuu huniuliza hivyo, na hapo ndipo hasira hunipanda. Nilikuwa na mimba. Sisi tuliamini, na mimi niliamini kama ninavyoamini kwamba maji yanalowesha, kwamba mwenye mimba akimsemesha baba mkwe mimba hiyo haifiki. Huwajibu, niliyekuwa naye tumboni ni mama yenu. Basi nani kati yenu angependa niite? Siku ile ikapita na tangi liko kwenye kisiki chini ya jani lake. Sijutii, na wala sisahau.

Kesho yake, jua la utosini, nikamsikia mume wangu.

"Mke wa mwanangu," sauti ilisema karibu kabisa na mlango wangu, "limekwisha?"

Maneno sikuyasikia. Nilisikia sauti tu. Nilitoka mbio na mikono yangu yenye udongo, nacheka, nataka kumrukia. Nikakuta mgongo. Alikuwa amesimama amegeukia mianzi, amejifunika nguo kichwani mpaka mabegani kama mwanamke. Nikaona visigino vyake vilivyopasuka. Nikafumba macho. Yule mzee alikuwa ameingia uani kwangu kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa Bujonde ni sawa na kutembea uchi sokoni, kwa sababu alikuwa amesikia mizinga upande wa Songwe.

"Limekwisha, baba," nikasema, nimekumbatia tumbo langu, maana mwiko ulikuwa umeshavunjwa. "Liko kwenye kisiki."

Alilipapasa bila kugeuka, akalipata, akakimbia. Hayo ndiyo maneno yote niliyowahi kusema naye.

Yaliyofuata aliyasimulia jioni kwa mama mkwe aliporudi msibani, upande wa pili wa mianzi, kwa sauti ya kutosha kunifikia. Waingereza walikuwa wamevuka mto, na msafara haukungoja mwezi. Uliondoka asubuhi ileile. Kambini alikuta majivu yana joto, na ile tukutuku imelazwa kwenye moto, imeungua, haina tangi. Akawafuata. Alipofika chini ya mteremko wa kwanza aliwaona juu, mstari wa wanaume na mizigo, wanaingia kwenye mianzi ya mlimani. Akanyanyua tangi kwa mikono miwili, akaliita jina la mwanawe kwa nguvu zote. Na kutoka juu sauti ikamjibu.

Ilikuwa sauti ya mwanawe. Ilikuwa pia sauti yake mwenyewe. Mlima ule hurudisha sauti, kila mtu anajua. Akaita tena, ikajibu tena. Akaita mpaka mstari ukapotea, na bado ikawa inajibu. Mama mkwe akamuuliza kwa upole kama aliitwa baba, au alisikia jina la mwanawe tu likirudi. Hakujibu swali hilo siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Wapagazi wawili watatu walirudi vita ilipokwisha, wamebaki mifupa. Mmoja alisema alimwacha njiani na homa. Mwingine alisema hakumwona kabisa. Watu wakasema basi tumlilie, tuweke msiba, mjane arithiwe. Baba mkwe akakataa. Alisema mtoto aliitika, na mtu aliyeitika haliliwi. Hivyo nikakaa, si mke si mjane, na pete zangu nusu kiunoni. Waliokuja kunichumbia niliwafukuza kwa mwiko wa kupikia, sitaki kusema uongo, wengine niliwapiga.

Tangi alilitundika kwenye uhunzi. Ndani yake kulikuwa kumebaki harage moja lililonishinda kwenye kona. Lilikauka, likajinasua lenyewe, na kila alfajiri baba mkwe alipofungua uhunzi alilichukua tangi akalitikisa. Lilikuwa linagonga, ko-ro, ko-ro, kama mtu mwenye funguo anayetafuta mlango. Sijui alikuwa anaita nani. Mimi nililala nasikiliza. Kisha akakohoa kile kikohozi, na kila alfajiri, kila alfajiri jamani, kabla akili haijaniamkia, mume wangu alikuwa amerudi na yuko nyuma ya mianzi. Kisha nikaamka vizuri. Ningeweza kurudi kwetu ufukweni. Ndugu zangu waliniita. Sikwenda, kwa sababu ya sauti ile. Niliiogopa, na nisingeweza kuishi mahali isiposikika.

Binti yangu yeye alikwenda kwa babu yake atakavyo, mjukuu hana mwiko. Nilimuuliza alipokuwa mdogo, babu yako anafananaje? Akafikiri, akasema, kama babu. Sikuuliza tena.

Baba mkwe alikufa mvi zimeshaanza kunitoka. Alfajiri ile tangi halikulia. Nilingoja, nikajua. Mama mkwe alikuja mlangoni kwangu, naye amezeeka, macho makavu. Nilikuwa nimeshajifunika kichwa ili nikae mbali na maiti kama inavyonipasa. Akaniondolea ile nguo mwenyewe. Akasema mwiko umekwisha na aliyekuwa nao, njoo umuage baba yako. Akanishika mkono, akanipitisha kwenye njia ambayo sikuwahi kuikanyaga tangu niolewe, akanikalisha kwenye mkeka, akafunua shuka.

Alikuwa mume wangu. Mume wangu mwenye mvi, mashavu yameingia ndani, mikunjo kwenye macho kutokana na moto, meno mawili hayapo. Paji lilelile. Sikio lililokunjika juu kidogo, ambalo nilizoea kumvuta akichelewa. Amezeeka taratibu, siku kwa siku, nyuma ya mianzi yangu, hatua chache na ninapopikia.

"Kumbe ndivyo ungekuwa," nikamwambia.

Kisha nikalia. Watu wakatazamana, maana mkamwana hamlilii mkwe hivyo, kile kilikuwa kilio cha mjane. Mama mkwe akaelewa, akaja kukaa bega kwa bega na mimi, akaanza kumwita mwanawe kwa jina. Tukawalilia wote wawili, kilio kimoja.

Niliomba tangi liwekwe kaburini, na hakuna aliyebisha. Walipoliteremsha kando yake kwenye migomba likainama, na lile harage likaviringika mara moja ndani, ko-ro. Mimi, kwa mazoea, nikachuchumaa nikajifunika nguo kichwani.